Nafasi ya Jicho Nyuma ya Darubini ya Bunduki

Jeraha lenyewe hujitambulisha kabla mgonjwa hajasema neno. Ni mpasuko wa umbo la mwezi mwandamo, juu ya nyusi au kati ya nyusi na shina la pua, upande wa jicho lile lile analolitumia kulenga. Damu huwa nyingi kuliko ukubwa wa kidonda, maana ngozi ya paji la uso imejaa mishipa. Wawindaji wa Marekani wana utani wao kwa ajali hii: husema mtu ameumwa na darubini. Mgonjwa huona haya kueleza ilivyotokea, kwa kuwa kovu la namna hiyo huchukuliwa kuwa alama ya uanagenzi.

Lawama hutupiwa bega legelege, au woga wa mlio. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Mara nyingi ajali ilikwisha kuandaliwa siku darubini ilipofungwa juu ya bunduki, na pengine siku iliponunuliwa, kwa sababu ya kipimo kimoja ambacho hakikueleweka, yaani nafasi ya jicho. Somo hili linakieleza kipimo hicho, linaonesha kwa nini namba iliyochapwa na mtengenezaji si namba ya usalama, na jinsi nafasi hiyo inavyopaswa kupimwa juu ya mwili wa mlengaji mwenyewe. Linawahusu askari wa wanyamapori, wawindaji wenye leseni na wanamichezo wa kulenga shabaha. Linawahusu pia waganga na wauguzi wa vituo vilivyo karibu na mapori ya akiba, ambao huenda wakampokea mgonjwa wa jeraha hili.

Duara la nuru

Darubini ya bunduki ni uzao wa chombo alichokieleza Johannes Kepler mwaka 1611 katika kitabu chake Dioptrice, chenye lenzi mbinuko mbele na lenzi mbinuko nyuma. Katikati huongezwa lenzi nyingine za kuisimamisha wima taswira, ambayo bila hizo ingeonekana juu chini. Nuru inayoingia kwa lenzi ya mbele hutoka nyuma ikiwa imebanwa, na hukutana katika duara dogo linaloelea hewani nyuma ya kioo cha mwisho. Duara hilo, ambalo katika somo hili litaitwa duara la nuru, ni taswira ya lenzi ya mbele. Umbali kutoka kioo cha mwisho hadi kwenye duara hilo ndio nafasi ya jicho.

Mboni ikikaa pale pale penye duara la nuru, mtazamaji huona picha iliyojaa kutoka ukingo hadi ukingo. Ikikaa karibu mno au mbali mno, picha huzungukwa na pete nyeusi. Ikienda pembeni, kivuli cha umbo la hilali huingia upande mmoja. Katika darubini fupi ya namna ya Galileo, ambayo lenzi yake ya nyuma ni mbonyeo, duara hilo haliangukii nje ya chombo kabisa, na mtazamaji hulazimika kubandika jicho kwenye kioo. Kwa mwenye bunduki hilo lingekuwa balaa.

Wasomaji waliozoea maabara wanalijua jambo hili ingawa pengine hawajapata kulitaja kwa jina. Anayesoma bamba la damu kutafuta vimelea vya malaria, kwa ukuzaji wa mara 1,000, huliweka jicho lake umbali wa takriban sentimita moja kutoka kioo cha hadubini, na duara la nuru analolitumia lina kipenyo kisichofika milimita 1. Mwenye miwani hupata shida hapo, ndiyo maana zipo lenzi za hadubini zenye nafasi ya takriban milimita 20, ambazo nyingi huchorwa alama ya miwani. Hadubini, hata hivyo, haimrukii mtu usoni. Kwa bunduki, nafasi inayozoeleka ni kati ya milimita 75 na 100, na sababu ya kuwa kubwa hivyo si starehe ya mtazamaji.

Yeyote anaweza kuipima nafasi hii bila chombo cha maabara. Darubini ikiwa imetolewa kwenye bunduki, ielekezwe kwenye anga jeupe lenye nuru, kamwe si kwenye jua, kisha karatasi nyeupe isogezwe taratibu nyuma ya kioo cha mwisho. Doa la nuru litaonekana, litapungua, litakuwa duara dogo lenye ukingo mkali, kisha litaanza kutanuka tena. Pale lilipokuwa dogo na kali ndipo jicho linapotakiwa kukaa. Rula ya mwanafunzi inatosha kupima umbali huo. Kwa darubini ya kubadilisha ukuzaji zoezi lirudiwe katika ukuzaji wa chini kabisa na wa juu kabisa, kwa kuwa katika nyingi nafasi hupungua kadiri ukuzaji unavyopanda.

Kipenyo cha duara la nuru hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 40 ikikuza mara 4 hutoa duara la milimita 10. Ikikuza mara 9, duara la milimita 4.4. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Katika mwanga wa mchana mboni ya binadamu huwa na kipenyo cha milimita 2 hadi 4. Duara likiwa dogo, mboni ikitoka mahali pake kwa milimita chache tu pete nyeusi huanza kuonekana, na mlengaji hujua amekosea. Duara likiwa la milimita 10, jicho linaweza kusogea mbele kwa takriban milimita 20 na picha ikabaki safi. Kwa hiyo katika ukuzaji mdogo darubini haitoi onyo lolote. Mlengaji huona vizuri kabisa huku paji lake la uso likiwa limekwisha kuingia mahali pa hatari. Uzuri wa picha si ushahidi wa usalama wa nyusi.

Namba inayoliwa na mifupa

Ichukuliwe darubini ambayo mtengenezaji ametaja nafasi ya jicho ya milimita 90. Vijitabu vingi huandika kwa inchi, na inchi 3.5 ni karibu milimita 89, kwa hiyo mfano huu ni wa kawaida. Mnunuzi hudhani kwamba kati ya chuma na uso wake pana milimita 90 za hewa. Hazipo.

Kwanza, kipimo huanzia kwenye kioo, si kwenye ukingo wa chuma unaokizunguka. Ukingo huo hutokeza nyuma ya kioo kwa milimita 2 au 3, nao ndio unaogonga. Pili, duara la nuru linatakiwa kuangukia kwenye mboni, na mboni iko takriban milimita 3 nyuma ya uso wa konea. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote mawili, jicho halikai mbele ya uso. Limezama katika tundu la mfupa, na ukingo wa juu wa tundu hilo huitangulia konea kwa milimita 8 hadi 10 kwa watu wazima wengi. Tisini kutoa 3, kutoa 3, kutoa 9, hubaki 75.

Hesabu hiyo ni ya mtu aliyesimamisha kichwa wima, na hakuna anayelenga kichwa kikiwa wima. Shavu hulala juu ya kitako cha bunduki na paji la uso huinama mbele. Nyusi zikiwa takriban milimita 20 juu ya mboni, kuinamisha kichwa kwa nyuzi 20 huzipeleka mbele kwa milimita 7 zaidi. Sasa zimebaki 68. Mwenye miwani ana hesabu yake: kioo cha miwani hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya konea, kwa hiyo kati ya ukingo wa darubini na miwani yake hubaki takriban 70 hata kabla hajainama.

Mtengenezaji hajadanganya. Ametoa kipimo cha kioo na nuru, na mifupa ya mnunuzi hakuijua.

Milisekunde 15

Kwa kanuni ya tatu ya Newton, zao la uzito na kasi linaloelekea mbele hulingana na lile linalorudi nyuma. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 hutoka kwa kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde, ikifuatwa na gesi ya gramu 3.6 za baruti, ambayo kasi yake katika hesabu za namna hii huchukuliwa kuwa mita 1,200 kwa sekunde. Bunduki ya kilo 4 hurudi nyuma kwa takriban mita 3.5 kwa sekunde, ikibeba nishati ya jouli 24 hivi. Risasi ya .375 Holland & Holland, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na ambayo katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa nyati na tembo huhesabiwa kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hao, ina kichwa cha gramu 19.4 kwa kasi ya mita 770 na baruti ya gramu 4.9. Bunduki yake ya kilo 4.2 hurudi kwa takriban mita 5 kwa sekunde, na nishati yake hufika jouli 51. Uzito wa bunduki umeongezeka kidogo tu, lakini nishati imezidi mara mbili.

Nishati hiyo humezwa na bega. Bega likitoa ukinzani wa wastani wa niutoni 700, bunduki ya kwanza itasafiri takriban milimita 34 kabla ya kusimama, na ya pili takriban milimita 73. Hizi ni hesabu za kukadiria, kwani mwili wote huyumba na kichwa hurudi pamoja nao, na hilo humwokoa mlengaji mara nyingi. Hata hivyo msomaji aiweke 73 hiyo kando ya 75 iliyobaki baada ya mifupa kula sehemu yake, au kando ya 68 ya mtu aliyeinama. Kisha afikirie bega lililoshika bunduki kwa ulegevu, ambalo ukinzani wake ni mdogo zaidi.

Hakuna atakayeukwepa msukumo huo kwa wepesi. Kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, milimita 75 hupitwa kwa milisekunde 15. Kufumba kope kwa kushtuka hukamilika baada ya makumi ya milisekunde, na kurudisha kichwa kwa hiari huhitaji takriban milisekunde 200. Mlengaji anapousikia mlio, jambo limekwisha kuamuliwa.

Chuma hakirudi kwa mstari ulionyooka. Kitako hukaa chini ya mstari wa mtutu, hivyo bunduki hurudi na kuinuka, na ukingo wa darubini hupanda kuelekea nyusi. Mdomo wa tundu la jicho la mtu mzima una upana wa takriban milimita 40 na kimo cha takriban 35, na ukingo wa nyuma wa darubini nyingi nao una kipenyo kinachokaribia milimita 40. Ndiyo sababu chuma kwa kawaida huishia kwenye mfupa na hakiingii ndani. Ngozi hubanwa kati ya vitu viwili vigumu na kupasuka kana kwamba imekatwa kwa kisu. Jicho lenyewe huokolewa na mfupa ule ule uliolifupishia nafasi.

Kuchagua

Mtu angeuliza kwa nini watengenezaji wasitoe nafasi ya milimita 150 na kuyamaliza mambo. Jibu lipo katika jiometri. Jicho huiona picha kupitia kioo cha nyuma kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha. Akisogea mbali na dirisha, huona sehemu ndogo zaidi ya uwanja. Kwa kioo cha nyuma chenye kipenyo cha milimita 36 na nafasi ya milimita 90, upana wa picha machoni huwa takriban nyuzi 20. Nafasi ikipunguzwa kuwa 45, nyuzi hukaribia 38. Kwa ukuzaji wa mara 4, nyuzi 20 ni sawa na uwanja wa mita 8.7 kwa umbali wa mita 100. Anayetafuta nyati kichakani angependa zaidi, lakini hawezi kupata vyote viwili bila kioo kikubwa na kizito.

Historia ina mfano wa kufundishia. Katika Vita Vikuu vya Pili jeshi la Ujerumani lilitumia darubini ndogo iitwayo ZF41, ya ukuzaji wa mara 1.5, iliyofungwa mbele sana juu ya mtutu wa bunduki ya Mauser, mbali na uso. Paji la uso la askari lilikuwa salama, lakini uwanja wa kuona ulikuwa finyu kiasi cha kuwaudhi walenga shabaha. Baadaye Mmarekani Jeff Cooper alilifufua wazo la kuifunga darubini mbele kwa bunduki nyepesi za matembezi, zenye nafasi ya jicho ya takriban milimita 230 hadi 280 na ukuzaji mdogo, akisisitiza kulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Kwa kazi hiyo wazo lake lina mantiki. Kwa kulenga mbali wakati wa machweo halifai.

Kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo msukumo wake ni hafifu, nafasi ya milimita 60 haina madhara. Kwa .308 au .30-06, kushuka chini ya 85 si busara. Kwa .375 na zilizo juu yake ni vema kutafuta darubini yenye 95 au zaidi, yenye ukuzaji wa chini kama 1 hadi 4, na nafasi isiyobadilika sana ukuzaji unapobadilishwa. Darubini ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa bunduki ya upepo isiwekwe juu ya bunduki ya nyati, hata kama pete zake zinaingia sawasawa.

Kufunga

Nchini Tanzania silaha na risasi husimamiwa na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wake, na kazi inayofuata ni ya mwenye kibali au fundi wa silaha anayetambulika. Risasi zitolewe chumbani kabisa. Chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, na mtu wa pili aikague tena.

Pete zifungwe kwenye reli, darubini ilazwe ndani yake bila kukazwa, na isukumwe mbele kadiri inavyowezekana. Watu wengi huanzia nyuma, wakitaka kwanza waone vizuri, na hapo ndipo kosa huzaliwa: picha ikishakuwa nzuri hawaoni sababu ya kuisogeza tena. Ukuzaji uwekwe wa juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo nafasi ilipo fupi na jicho lina uhuru mdogo. Kisha mlengaji, akiwa amevaa nguo atakazovaa porini, afumbe macho, aipandishe bunduki begani, alaze shavu kwenye kitako kama alivyozoea, na ndipo afumbue macho bila kusogeza shingo.

Kufumba macho kuna maana kubwa kuliko kunavyoonekana. Mtu mwenye macho wazi huitafuta picha kwa shingo yake bila kujijua; humpa msaidizi wake kipimo cha ukarimu wake, si cha mwili wake. Aliyefumba hana la kutafuta, na kichwa hukaa pale mifupa na misuli inapotaka. Akifumbua na kuona pete nyeusi, msaidizi airudishe darubini nyuma kwa milimita chache, naye afumbe tena na kuanza upya. Zoezi lirudiwe hadi picha ijae kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo darubini isukumwe mbele tena kidogo, hadi kivuli chembamba kianze kuonekana ukingoni. Kivuli hicho kinapaswa kubaki. Mlengaji atalalamika, ni kulalamika kuzuri.

Kisha zoezi lote lirudiwe katika mikao mingine, maana shingo haina kipimo kimoja. Aliyesimama huwa mbali zaidi na kioo. Aliyelala kifudifudi hunyoosha shingo mbele, na jicho husogea karibu kwa sentimita moja, pengine mbili. Anayelenga kupanda mlima yumo hatarini zaidi, kwa sababu kitako huteleza chini ya bega na uso huifuata darubini. Aliyekaa mezani kurekebisha shabaha, viwiko vikiwa vimeegemezwa, huinama mbele bila kuhisi, na bega lake halina mahali pa kurudi. Inafaa kukumbuka kwamba risasi nyingi za darubini mpya hupigwa hapo mezani, moja baada ya nyingine, mlengaji akizidi kuchoka na shingo ikizidi kusogea. Mkao wenye nafasi ndogo kuliko yote ndio uamue mahali pa darubini. Ikiwa katika mkao huo picha haijai ila nyusi ziwe karibu mno na chuma, darubini hiyo haifai kwa bunduki hiyo, na hakuna ufundi wa pete utakaoiponya.

Urefu wa kitako nao huhesabika. Bunduki nyingi zina takriban milimita 340 hadi 350 kutoka kifyatuo hadi mwisho wa kitako, urefu uliokusudiwa mwanamume wa wastani wa Ulaya au Marekani ya Kaskazini. Mwanamke mfupi au kijana akikabidhiwa bunduki hiyo huinyooshea shingo ili apate picha, na bega lake hukosa kukamata vizuri. Tiba ya hapo ni kukifupisha kitako. Kuirudisha darubini nyuma kwa ajili yake, kisha bunduki ikatumiwa na mtu mrefu kesho yake, ni kumtegea mwenzake mtego.

Pete hukazwa mwishoni, skrubu moja baada ya nyingine kwa zamu, kwa bisibisi yenye kipimo cha ukazaji. Kwa pete nyingi takriban niutoni-mita 2 zinatosha, ila agizo la mtengenezaji ndilo litangulie. Kukaza kupita kiasi huibonyeza darubini. Kukaza pungufu huiacha iteleze kidogo kwa kila risasi. Mstari mwembamba wa penseli kati ya pete na darubini utaonesha kama imeanza kuhama.

Miwani na umri

Kadiri umri unavyosonga, lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu, na msalaba wa kulengea huonekana hafifu. Mlengaji wa miaka 50 mara nyingi hulitatua hilo kwa kusogeza kichwa mbele na nyuma. Afanyalo ni kosa, kwani ukali wa msalaba hausahihishwi kwa umbali bali kwa kuzungusha pete ya lenzi ya nyuma. Atazame anga kupitia darubini kwa sekunde mbili au tatu, azungushe, apumzishe jicho, atazame tena, hadi msalaba uonekane mkali papo hapo. Miwani ya sehemu mbili humletea tabu ya pili: huinua kidevu ili atumie sehemu ya chini, shavu likaacha kitako. Miwani ya kutazama mbali pekee, yenye vioo vya plastiki ngumu visivyovunjika vipande, humfaa zaidi na humkinga.

Jeraha likishatokea

Bunduki ishushwe, itolewe risasi na kuwekwa kando kabla ya mtu yeyote kuitazama damu. Kisha kitambaa safi kikandamizwe juu ya mfupa wa nyusi, si juu ya jicho. Kope zitavimba ndani ya saa chache na kulifunika jicho, kwa hiyo uwezo wa kuona upimwe mapema, jicho moja moja, hata kwa kuhesabu vidole tu, na matokeo yaandikwe.

Mboni iliyopoteza umbo la duara, damu inayoonekana nyuma ya konea, kuona vitu viwili viwili, kumweka kwa nuru au wingu la vidoa vyeusi, vyote humfanya mgonjwa kuwa wa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Jicho likishukiwa kupasuka lisikandamizwe wala kuoshwa. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, hata kitako cha kikombe cha karatasi, na mgonjwa asafirishwe akiwa amekaa. Kutapika, kuchanganyikiwa au kusahau tukio huelekeza kwenye mtikisiko wa ubongo.

Mpasuko wa nyusi pekee unaweza kushonwa katika kituo cha kawaida baada ya kuoshwa vizuri. Nywele za nyusi zisinyolewe, kwa sababu ndizo mwongozo wa kuoanisha kingo mbili, na mstari uliopishana kwa milimita moja huonekana maisha yote. Mpasuko uliofika ukingo wa kope, au pembe ya ndani ya jicho ulipo mfereji wa machozi, usishonwe hapo. Kinga ya pepopunda iulizwe na itolewe inapohitajika.

Kabla ya kuchoma dawa ya ganzi, paji la uso liguswe kwa pamba pande zote mbili. Neva inayoupa ngozi hisia kutoka nyusi hadi juu ya utosi hutokea kwenye kijitundu au mwanya katika ukingo wa juu wa tundu la jicho, mahali hasa darubini inapopenda kugonga. Ganzi iliyokuwapo kabla ya sindano huweza kudumu wiki au miezi, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema, asije akadhani imesababishwa na mshonaji. Aulizwe pia alikuwa katika mkao gani alipofyatua, na kama ule mstari wa penseli kwenye pete bado uko mahali pake.